Mwalimu, simu yako haikujazwa na wewe

Swali: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Luanda, kaunti ya Vihiga. Simu yangu ni ya GB 32 na huu ni mwaka wa nne nikiwa nayo. Kila siku inaniandikia kwamba nafasi imejaa. Juzi nilishindwa hata kupiga picha karatasi ya michango ya chama, na mimi ndiye mweka hazina. Niko kwenye makundi kumi na moja ya WhatsApp: walimu, wazazi, chama, kanisa, ukoo, mengine ya biashara, na manne ya matanga. Mwanangu ananiambia nifute WhatsApp niiweke upya. Duka moja liko tayari kunipa simu ya GB 128 nilipe pole pole. Lakini ndani ya hii simu kuna picha na sauti za baba yangu, aliyetuacha mwaka jana, na ninaogopa kugusa kitu. Ninunue simu, nitoke kwenye makundi, au nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nitaanza na mwanao, maana ndiye anayeweza kuharibu mambo kabla hujamaliza kusoma hapa. Mwambie asubiri. WhatsApp haikai kama programu nyingine. Facebook ukiifuta leo na kuirudisha kesho, unaweka nywila yako na kukuta kila kitu kama ulivyokiacha, kwa sababu vitu vyako viko kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni. WhatsApp ni kinyume. Ujumbe ukishakufikia, seva huufuta. Kama simu yako ilikuwa imezimwa, seva huushikilia kwa siku 30, kisha huutupa. Kwa hiyo mazungumzo uliyo nayo mkononi ndiyo hayo, hayako pengine, na ukiiondoa programu bila kuwa na nakala ya akiba, hakuna ofisi utakayoipigia simu urudishiwe.

Vilevile asiguse kitufe cha kufuta data. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu, ukafungua orodha ya programu na kuchagua WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi utakuta vitufe viwili vimekaa jirani kama mapacha. Kimoja hufuta kashe, yaani vitu vya muda ambavyo programu itajitengenezea tena ikivihitaji. Hicho hakina neno. Cha pili hufuta data, na data ni mazungumzo yenyewe. Hapa kwenye meza yangu, karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, nimeletewa simu zaidi ya moja ambazo kijana wa nyumbani alibonyeza cha pili akidhani ni cha kwanza. Sikuwa na la kufanya ila kumvutia mwenye simu kiti akae. Na kama mwanao anabisha, mwulize kama ana video za TikTok ambazo hajazichapisha. Rasimu za TikTok hukaa ndani ya simu tu. Programu ikifutwa, nazo zinaenda. Nadhani hapo atakuelewa.

Sasa tuhesabu. Simu inaitwa ya GB 32, lakini Android na programu zilizotoka nayo kiwandani huchukua GB 10 na zaidi kabla hujaweka hata picha moja. Miaka minne ya masasisho nayo imeongeza yake. Weka programu zako, na ukibaki na GB 15 za kuishi una bahati. Halafu kuna mkopo mmoja ambao wauzaji hawautaji. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati siku hizi zina kinachoitwa nyongeza ya RAM. Boksi limeandikwa 4+4, muuzaji anakuambia RAM ni 8. Zile nne za pili si RAM, ni kipande cha hifadhi yako kilichoazimwa kijifanye RAM. Kama yako inayo, utaikuta kwenye mipangilio. Izime, anzisha simu upya, na nafasi hiyo itarudi. Kwenye simu ya GB 32 hata GB 2 ni nyingi. Usiache hilo likuchanganye utakapokwenda dukani pia, kwa sababu watu wa mjini tunaita vyote viwili memori: RAM ni meza unayofanyia kazi, hifadhi ni kabati. Anayeuza meza kwa kumega kabati hajakuongezea kitu.

Lakini hayo yote ni madogo. Acha nikuonyeshe kinachojaza simu.

Jumapili moja, siku ambayo Kibuye inafurika, alinijia mama mmoja kutoka Ahero na lalamiko kama lako. Nikafungua folda ya picha za WhatsApp, tukaanza kushuka pamoja kwa kidole. Maua ya waridi yenye maandishi ya "Barikiwa asubuhi hii". Tangazo la mazishi, marehemu amevalishwa suti na kuwekwa mbele ya mawingu. Tangazo lilelile tena. Tena. Lilikuwa limeingia kutoka makundi sita, na kwa kuwa kila mtu alilipakia upya kutoka galari yake, WhatsApp ililihesabu kama picha mpya kila mara. Lori limeanguka, haijulikani wapi. Mhubiri anatokwa na jasho. Picha za skrini za ujumbe wa M-Pesa, moja baada ya nyingine, watu wakionyesha kwamba wamechanga. Sare za shule za watoto asiowajua. Tulishuka muda mrefu kabla hatujafika kwenye picha aliyoipiga yeye mwenyewe, nayo ilikuwa ya mbuzi wake. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Hizi zote nani aliziweka?"

Hakuna aliyeziweka kwa mkono. WhatsApp inapotoka dukani imewekwa ijipakulie yenyewe: ukiwa kwenye bando, inashusha picha, ukiwa kwenye Wi-Fi, inashusha kila kitu, video na hati zikiwemo. Na hapa ndipo watu wengi hunaswa. Mwanao akikuwashia hotspot ya simu yake, WhatsApp yako huenda isijue kwamba hilo ni bando la mtu. Inaona Wi-Fi. Basi inaanza kuvuta kila video iliyokuwa ikingoja kwenye makundi yako kumi na moja. Bando la kijana linakwisha, hifadhi yako inajaa, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Fanya hesabu ndogo: kwa miaka mingi video ya WhatsApp ilikuwa na kikomo cha MB 16. Video 64 za namna hiyo ndizo GB 1. Kundi moja la matanga lenye watu mia nne linaweza kukuletea hizo kabla mwili haujatoka mochari.

Utaniuliza kwa nini WhatsApp imeamua kuweka mizigo ya watu kwenye simu yako. Sababu ni nzuri, ingawa gharama unailipa wewe. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Ikiwa wao hawaweki chochote, lazima kiwekwe kwako. Telegram ilichagua njia nyingine. Mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva zao, ndiyo maana unaweza kuiambia ifute kwenye simu picha zote zilizozidi wiki moja, na ukizihitaji ukazishusha tena. Simu inapumua, lakini mazungumzo hayo hayana ulinzi ule wa simu hadi simu. Mimi nachagua WhatsApp kwa mambo ya nyumbani na ya pesa. Ninachokataa ni ile desturi ya kupokea kila kitu bila kuulizwa. Mtu akibisha mlangoni na gunia, unauliza kwanza lina nini.

Kuna mizigo midogo mingine. Kila picha uliyoituma ina pacha wake kwenye folda ya zilizotumwa, kwa hiyo picha ya karatasi ya chama uliyoipiga na kuituma ipo mara mbili. Halafu kila usiku saa nane, wewe ukiwa umelala, WhatsApp hujitengenezea nakala ya mazungumzo ndani ya simu hiyo na kuweka za siku saba. Hizo ziache. Ndizo zitakazokuokoa siku ukikosea.

Na kuna jambo ambalo huenda umeliona bila kulipa jina: simu iliyojaa huwa pia nzito. Unabonyeza, inafikiri. Si uzee peke yake. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Lazima ifute fungu zima kwanza, na vilivyo hai ndani ya fungu hilo ivihamishie kwingine. Pakiwa na nafasi, kazi hiyo hufanyika kimya. Pakijaa, ni kama matatu ya watu 14 iliyobeba wote 14 pale stendi ya Luanda: anayeshuka ni mmoja wa nyuma, lakini lazima yule wa kiti cha kukunja ainuke, mama mwenye mtoto apishe, na gunia la mahindi lishushwe barabarani kisha lirudishwe. Dakika tano kwa abiria mmoja. Kwenye simu yako jitahidi kubakiza GB 3 au 4 tupu wakati wote, na utaona inaanza kuitika.

Sasa kazi yenyewe. Usifute kitu chochote kabla ya kumwokoa mzee.

Nimeona watu wenye busara zao wakikosea hapa: wanapakia kila kitu kwenye Google Photos, wanaona alama kwamba imekamilika, wanasafisha simu. Google Photos inachukua picha na video. Sauti haichukui. Ile sauti ya baba akikuuliza kama watoto wamefika salama haimo humo, na ukifagia folda za WhatsApp ukidhani umeihifadhi, imeondoka.

Kwa hiyo fungua mazungumzo yako na mzee. Kwenye menyu ya juu, chini ya mambo ya ziada, kuna sehemu ya kuhamisha mazungumzo. Chagua kuhamisha pamoja na midia, kisha peleka kwenye Google Drive yako. Hapo unapata maandishi, picha na sauti kwa pamoja. Usiridhike na hilo tu, kwa sababu mazungumzo ya miaka mingi huweza kukatwa yakiwa marefu. Ingia pia kwenye folda zenyewe kwa kutumia programu ya kusimamia faili: fungua Android, halafu media, halafu com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha folda ya sauti iitwayo WhatsApp Voice Notes. Utakuta folda ndogo nyingi zenye mwaka na namba ya wiki, na ndani yake majina kama PTT-20230514-WA0003.opus. Usiogope jina hilo. PTT ni sauti ya kubonyeza na kusema, namba nane zinazofuata ni tarehe: hiyo ni ya 14 Mei 2023. Picha nazo huanza na IMG na tarehe hivyohivyo. Ukikumbuka mzee alilazwa lini, au lini alikupigia kelele kuhusu ile mipaka ya shamba, unajua pa kutafuta. Sikiliza moja moja. Itakuchukua jioni nzima, labda mbili, na sioni njia ya mkato ambayo ningekushauri.

Zinakili mahali pawili zaidi ya simu. Drive ni pa kwanza. Pa pili, nunua flashi ya midomo miwili, ile inayoingia kwenye simu upande mmoja na kwenye kompyuta upande wa pili. Angalia kwanza tundu la chaji la simu yako ni la aina gani, maana simu ya miaka minne yaweza kuwa na lile la zamani. Ukilazimika kwenda saiba, nakili kutoka simu moja kwa moja hadi flashi, usiziweke hata kwa muda kwenye kompyuta yao, na ukifungua baruapepe hapo hakikisha umetoka. Na ukitaka ndugu yako wa Nakuru awe na picha hizo pia, zitume kwa WhatsApp kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na uso wa mzee unakuwa wa ukungu kila inapopita mkono hadi mkono. Chache unazozipenda zaidi zipeleke studio zichapishwe. Karatasi haijawahi kuletwa mezani kwangu ikiwa imejaa.

Ukishamaliza, weka nyota kwenye kila ujumbe wa mzee unaotaka ubaki kwenye simu. Unapofuta mazungumzo, WhatsApp hukuuliza kama ifute na zenye nyota. Hapo toa tiki.

Kusafisha sasa ni kazi ya nusu saa. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data, na ndani yake sehemu ya kudhibiti hifadhi. Itakupangia vitu vilivyozidi MB 5, vilivyofowadiwa mara nyingi, kisha orodha ya makundi kwa uzito, kubwa juu. Anza na vilivyofowadiwa mara nyingi. Hivyo futa kwa moyo mweupe. Mzee hakukutumia kitu kilichokwisha kupita kwa watu elfu. Kisha ingia kundi zito kuliko yote, chagua video zote, futa. Usiende kwa kundi dogo kabla hujamaliza kubwa, utachoka bila kuona tofauti. Ukimaliza fungua galari uangalie pia pipa la taka, kwa sababu kilicho kwenye pipa bado kimekalia nafasi mpaka siku zake zitimie.

Picha za skrini za M-Pesa nazo nazisema kando, kwa vile wewe ni mweka hazina. Ujumbe mfupi wa simu ni herufi 160. Picha ya skrini ya ujumbe huohuo ni kama nusu MB, yaani kwa hesabu ya haraka mara elfu tatu ya ujumbe wenyewe. Na bado haithibitishi sana, kwa sababu picha hughushiwa. Mwanachama akikutumia picha kwamba amelipa, tazama ujumbe ulioingia kwako, andika namba ya muamala kwenye daftari la chama, futa picha. Ukihitaji kumbukumbu ya miezi, omba taarifa ya M-Pesa, itakuja kwa baruapepe ikiwa faili moja dogo.

Kisha funga mlango, la sivyo mwezi ujao utaniandikia tena. Palepale kwenye hifadhi na data, ondoa tiki zote za kupakua kwa otomatiki: kwenye bando, kwenye Wi-Fi na ukiwa nje ya nchi. Sauti zitaendelea kuja, WhatsApp huzishusha hata ukizima hayo, lakini sauti ni nyepesi. Picha zitakuja zikiwa na ukungu, ukitaka unaibonyeza. Angalizo moja: usikae miezi kabla ya kubonyeza, kwa sababu faili haikai kwenye seva milele, na itabidi umwombe aliyetuma arudie. Kwenye makundi ya matanga na ya ukoo unaweza pia kuwasha ujumbe unaotoweka, wa siku 7 au 90, ila mwambie admini, usifanye kimyakimya. Kwenye kundi la chama usiwashe kabisa. Siku ya ugomvi mtahitaji maneno ya kila mtu.

TikTok na Facebook ni rahisi: futa kashe mara moja kwa mwezi. Hakuna zaidi.

Kuhusu Google, jihadhari na mambo mawili. Zamani picha zilikuwa bure bila kikomo kwa ubora wa kawaida. Hilo liliisha 1 Juni 2021. Sasa una GB 15, na hizo ni za pamoja: barua za Gmail, Drive, picha, na tangu 2024 hata nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa humo. Zikijaa, Gmail huacha kupokea barua. Mwalimu anayengoja barua ya kazi hatajua kwamba haijaingia. Kwa hiyo unapowasha nakala ya akiba ya WhatsApp kwenda Google, nayo uiwashe leo, ondoa tiki ya kujumuisha video. Jambo la pili: ukiwa ndani ya Google Photos ukafuta picha iliyokwisha kupakiwa, unaifuta kila mahali, simuni na huko juu. Hukaa kwenye pipa siku 60, basi. Ukitaka kutoa nafasi kwenye simu huku picha ikibaki juu, tumia kile kitufe chao cha kufungua nafasi, si kile cha kufuta.

Watu watakuambia pia ununue kadi ya memori. Kadi ni nzuri kwa picha za kamera yako na muziki, lakini WhatsApp haihamii huko, kwa hiyo haitibu ugonjwa wako. Na usinunue kadi ya GB 512 kwa bei ya chakula cha mchana. Kadi hizo ni za GB 8 au 16 ambazo ubongo wake umefundishwa kusema uongo. Simu inaamini, inaandika, na ikipita ujazo wa kweli inaanza kuandika juu ya vya zamani au kuvimwaga. Majina ya picha unayaona, ukifungua ni kijivu. Nilinunua moja mwenyewe, miaka ya mwanzo, kwa mtu aliyeuza kwenye kikapu, nikaweka picha za harusi ya dada yangu. Mpaka leo nikifika kwake hiyo habari huletwa pamoja na chai. Kadi ukinunua, ijaze mpaka mwisho na vitu visivyo na maana, kisha jaribu kuvifungua vyote, ndipo uiamini. Lakini kadi au flashi halali ya GB 32 ikisomeka 29.8 kwenye kompyuta, hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Je, ununue ile ya GB 128? Siku moja, ndiyo. GB 32 kwa sasa ni nyumba ya chumba kimoja na wageni wa ukoo mzima. Lakini usiingie deni la kila siku kwa sababu ya video za lori lililoanguka. Ukiihama leo na mlango ukiwa wazi, hiyo 128 nayo itajaa, itachukua tu muda zaidi, na deni likiwa bado linakuuma. Safisha, funga, kaa miezi miwili. Ukiona bado GB 3 hazibaki, nunua, na uulize RAM ya kweli ni ngapi bila ile ya kukopa. Soma pia masharti ya mkopo: simu nyingi za kulipa pole pole hujifunga ukichelewa, na ikijifunga, na picha za mzee zimefungwa nayo. Siku ya kuhama, WhatsApp ina njia ya kuhamisha mazungumzo kutoka Android hadi Android kwa kuskani msimbo, simu zikiwa zimelala kando kwa kando, bila kupitia Google. Ilikuja 2023 na inafanya kazi. Usiuze ya zamani mpaka umesikiliza sauti za baba kwenye mpya.

Makundi usiyakimbie. Kwetu huku kundi la matanga si mchezo wa mtandaoni; ndiko unakojua mwili unatoka lini, nani amechukua zamu ya hema, na nani hajatoa. Nyamazisha mlio, yaweke kwenye kumbukumbu (archive) yasikae juu, na ubaki mpaka hesabu isomwe. Kisha toka, kwa sababu baada ya hapo huwa hakuna kitu ila mtu anauza ploti. Tangu 2022 ukitoka, tangazo huwaendea maadmini peke yao, ingawa mwenye kuchunguza anaweza kukuona kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Ukishatoka lifute kundi lenyewe, na ukubali kufuta midia yake, vinginevyo umeondoka wewe lakini mizigo yao imebaki.

Ila katika yale manne, kama mojawapo ni la matanga ya mzee wako mwenyewe, hilo lihamishe lote na midia yake, liende Drive na kwenye flashi, kabla hujagusa kitufe cha kutoka. Humo kuna majina ya waliochanga, na siku moja na wao watafiwa. Kijana akikushikia simu kufanya hivyo, akae upande ambao unakiona kidole chake.